Njiwa Wako Hawazai? Kagua Ndoa Kabla ya Kukagua Chakula

Mwezi wa saba, mwaka juzi, nilikuwa na njiwa 12 katika banda la mbao nyuma ya nyumba, huku Pasua, Moshi. Kwa miezi minne nilikuwa nimepata makinda wawili tu. Nilinunua vitamini. Nikaacha mahindi nikaweka ngano. Nikanunua dawa ya minyoo. Ilifika mahali mwenye duka la dawa za mifugo akiniona natokea kona ya barabara anaanza kutabasamu.

Aliyenikwamua ni mzee jirani ambaye hajawahi kununua dawa ya njiwa tangu azaliwe. Alikuja jioni moja, akapindua ndoo, akaikalia, akawatazama ndege wangu kwa nusu saa bila neno.

"Meku, unaona ugonjwa gani?" nikamuuliza.

"Ugonjwa sioni," akasema. "Naona majike saba na madume watano, na wewe unasema una jozi sita."

Tangu siku hiyo kila mtu akinipigia simu kuhusu njiwa wasiozaa, swali langu la kwanza halihusu chakula wala kinyesi. Namuuliza: nani yuko na nani? Yafuatayo ni mambo ninayoyakagua, kwa mpangilio ninaoufuata mimi. Magonjwa yapo na nitayagusa, lakini katika mabanda mengi niliyoingia, kuanzia Majengo mpaka Usa River, tatizo lilikuwa kwenye unyumba.

Kwanza, ndoo

Wengi wetu tulianza na kuku, na kuku ametuharibia akili. Jogoo mmoja na matetea kumi, kazi imekwisha. Jogoo hajui vifaranga vyake wala havimhusu. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya spishi za ndege duniani huishi wawili wawili, angalau kwa msimu mmoja, na njiwa ni miongoni mwao. Wanyama wanyonyeshao ndio kinyume: wanaoishi kwa jozi hawafiki asilimia 10. Sababu ya njiwa haihitaji elimu kubwa. Mayai yake yanataka mwili juu yake usiku na mchana kwa siku 17 au 18, na kinda anataka kulishwa na wazazi wote wawili. Mmoja peke yake atashindwa.

Kwa hiyo pindua ndoo, kaa. Nenda mara mbili kwa siku: asubuhi kabla jua halijawaka, na jioni kuanzia saa tisa. Wape alama ili usichanganye. Mimi nilianza na rangi ya kucha ya dada yangu, kucha moja ya mguu kwa kila ndege, nyekundu upande wa kulia kwa niliyemdhania dume. Pete za plastiki ni bora, lakini rangi ilinitosha wiki tatu, pamoja na maneno ya dada.

Dume utamwona anavimbisha shingo, anainamisha kichwa, anaunguruma na kuzunguka duara zima, mkia ukiburuza chini. Jike akimkubali atamsogelea na kutia mdomo wake ndani ya mdomo wa dume, kama kinda anayeomba chakula. Halafu anajilaza, dume anapanda, na sekunde chache baadaye mara nyingi dume anaruka akipiga mabawa kwa kishindo. Ukiliona hilo kuanzia mwanzo hadi mwisho, una karibu uhakika.

Nasema karibu, kwa sababu jike mwenye nguvu naye anaweza kuvimba na kuzunguka mbele ya jike mnyonge. Ushahidi mzuri zaidi ni zamu ya kulalia mayai. Dume huingia asubuhi, kama saa nne, na kukaa mpaka saa kumi au kumi na moja jioni. Muda wote uliobaki, pamoja na usiku kucha, ni wa jike. Kwa hiyo ingia bandani saa tatu usiku na tochi yenye mwanga mdogo: aliyelala juu ya mayai ni jike. Andika kwenye daftari.

Mayai manne kwenye kiota kimoja

Hii ndiyo dalili inayowafurahisha sana wageni. Kijana mmoja wa Sakina, Arusha, alinipigia kwa shangwe: "Kaka, njiwa wangu katoa manne!" Nikampa pole.

Njiwa hutaga mawili. La kwanza hutoka jioni, kama saa kumi na moja, na la pili hufuata baada ya saa 44 hivi, yaani keshokutwa yake mchana, kama saa saba. Ukikuta manne, waliotaga ni wawili. Huenda kuna jike mwingine aliyepenyeza mayai yake, lakini mara nyingi jozi yako ni majike wawili waliooana kwa sababu madume hawakutosha. Wanabusiana, wanapandana, wanajenga, wanapokezana zamu. Ukiwatazama haraka haraka hutawatofautisha na ndoa nyingine yoyote bandani. Ila mayai hayana mbegu, na utawasubiri siku 18 bure, kisha watataga mengine manne, nawe utanunua vitamini nyingine.

Kwa madume wawili dalili hugeuka: kiota kinajengwa mpaka vijiti vinamwagika chini, kila mmoja anamuungurumia mwenzake, na mwezi unaisha bila yai.

Kosa hili huanzia sokoni. Ipo imani ya zamani kwamba mayai mawili ya njiwa ni kaka na dada, hivyo ukinunua makinda wa kiota kimoja umepata mke na mume. Si kweli. Wanaweza kuwa madume wote au majike wote, na hata wakiwa dume na jike, umenunua ndugu wa damu wazaliane. Chukua makinda kutoka viota tofauti, au nunua jozi uliyoikuta imelalia mayai na ukaona zamu ikibadilishwa kwa macho yako. Muuzaji atakuona msumbufu. Mwache akuone.

Dawa yake ni kuwatenga. Kila jike aingie na dume wake kwenye chumba chenye wavu, mbali kiasi kwamba yule mwenzake wa zamani haonekani wala hasikiki. Wape wiki moja mpaka mbili. Kama madume huna kwa sasa, usiwavunje: waondolee mayai yao na uwawekee mawili yenye mbegu ya jozi nyingine, yaliyotagwa siku ileile au ikipishana iwe siku moja. Wangu wawili, Nyeupe na Kipara, walinilelea makinda watatu mwaka jana. Ni walezi bora kuliko jozi moja ninayoijua yenye dume na jike.

Wako pamoja, wanapendana, lakini hakuna yai

Toka siku jozi iliposhikana mpaka yai la kwanza ni siku nane mpaka 12 hivi. Kabla ya hapo huna tatizo, una haraka. Angalia pia umri: wa chini ya miezi sita bado ni watoto. Na kama wananyonyoka manyoya waache, mwili hauwezi kutengeneza manyoya na mayai kwa pamoja.

Ikishapita hiyo, kagua nyumba. Dume ndiye huchagua mahali. Anaingia kwenye kona, analala kifudifudi, anatoa sauti ya chini ndefu ya kumwita jike huku akitetemesha mabawa. Jike anakuja kukagua. Asipoafiki, hakuna yai. Ukiwa na jozi sita na vyumba sita, madume wawili wataking'ang'ania chumba kimoja cha juu na kitabaki kimoja cha chini hakitakiwi na mtu. Jozi sita zipewe vyumba tisa au kumi. Sentimita 60 kwa 40 zinatosha kwa kimoja. Mbao za maboksi ya bidhaa zinafanya kazi vizuri, na hii ndiyo gharama pekee katika makala haya ambayo sikuijutia.

Halafu kuna jambo la ajabu kidogo. Mwaka 1939 mwanabiolojia wa Uingereza, L. Harrison Matthews, alichapisha majaribio yake juu ya njiwa majike. Jike aliyekaa peke yake hakutaga. Akionyeshwa njiwa mwingine, awe dume au jike, hata wakitenganishwa kwa kioo cha dirisha, alitaga. Kisha akawekewa kioo cha kujitazama, akataga kwa kujiona mwenyewe. Yai la njiwa basi huanzia machoni: kumwona mwenzake anayemjali kunaamsha homoni, na homoni zinaamsha mfuko wa mayai.

Tafsiri yake huku kwetu ni hii. Ukimweka jike kwenye tenga kibarazani kando ya dirisha linaloakisi, akataga, usidhani kuna dume wa jirani anayekuja kwa siri. Na ukiwa na jozi ambayo dume ni mgonjwa, amechoka, au macho yake yako kwa jike wa chumba cha tatu, jike wako atachelewa kutaga hata umpe nini. Mkague dume.

Dume anamfukuza jike banda zima

Hapa watu huharibu ndoa nzima kwa huruma. Siku chache kabla ya yai la kwanza, dume humfuata jike kila hatua. Akienda kwenye maji yuko nyuma yake, akishuka kwenye punje anamdonoa kisogo arudi kiotani. Mimi huita kumswaga, maana ni vilevile ng'ombe anavyoswagwa kwenda mnadani. Anachofanya ni kumweka mbali na madume wengine katika siku ambazo mbegu ya mwanaume mwingine ingeweza kuingia. Mayai yakishatoka, mara anatulia kama siye yeye.

Si njiwa peke yake mwenye wivu wa kazi. Digidigi, wale swala wadogo ambao ukienda Tarangire utawakuta wawili wawili chini ya vichaka, nao huishi mke na mume katika eneo lao. Jike akiacha kinyesi, dume huja nyuma yake kukwarua na kuweka chake juu, kufuta harufu ya kuwaita wengine. Vinasaba vya watoto wa digidigi vilipopimwa, hawakupatikana wa nje ya ndoa. Ndege wengi hawawezi kujivunia hivyo: spishi nyingi tulizozisifu kwa uaminifu zimekutwa na makinda wa baba mwingine kiotani. Ndoa ndoana.

Kwa hiyo akiwa anamswaga, usiwatenganishe. Mwaga punje sehemu mbili au tatu ili jike apate kula akipita. Baada ya siku tano hivi utaona yai.

Kupigwa ni kitu kingine. Jike amekwama kwenye kona, kichwa kimechubuka, pengine jicho limevimba, na dume hazunguki wala haungurumi katikati ya vipigo. Hiyo ni ndoa ya kulazimishwa. Umewafungia watu wasiojuana, au jike hajawa tayari, au mwenzi wa zamani wa mmoja wao bado anaonekana bandani. Sababu hii ya mwisho ndiyo ninayokutana nayo sana, kwa kuwa njiwa anakumbuka. Tenganisha leo hii. Gawa chumba kwa wavu wa kuku katikati, waonane bila kugusana. Siku ya tatu au ya nne ukikuta wamelala ubavu kwa ubavu wavu ukiwa katikati, ondoa. Ikifika siku ya kumi na jike bado anampa mgongo, badilisha dume. Nilishawahi kushindana na jike mmoja wa kijivu kwa mwezi mzima. Alishinda yeye.

Mayai mawili, siku zimepita, kimya

Kwanza hesabu upya. Hesabu huanzia yai la pili, kwa sababu juu ya la kwanza huwa wanasimama tu bila kulipasha joto sawasawa. Ukianzia la kwanza utayatupa mayai yaliyobakiza siku mbili.

Halafu usisubiri siku 18 kujua. Siku ya sita au ya saba, usiku, chukua yai taratibu, liweke juu ya tochi ya simu gizani. Yai lenye uhai lina mishipa myekundu iliyotawanyika kama mizizi. Likiwa angavu lote, njano tupu, halikupata mbegu. Likiwa na duara la damu lisilo na mishipa, kulikuwa na kiumbe na amekufa. Ukijua ni lipi kati ya hayo mawili, nusu ya kazi imekwisha, maana sababu zake haziingiliani.

Halikupata mbegu, na umeshahakikisha ni dume na jike? Tazama wanapopandania. Dume anahitaji jike asimame imara. Kijiti chembamba au bati linaloteleza linawaangusha. Tazama mikia: njiwa wa mapambo wenye mkia kama upepeo huzuiwa na manyoya yao wenyewe, na wafugaji wao hupunguza kwa mkasi manyoya yanayozunguka tundu la kutagia. Na hesabu wapweke. Madume wasio na wake ndio adui namba moja katika banda langu, kuliko hata paka. Jozi ikianza kupandana, kapera anaruka kutoka kwenye kijiti chake na kuwatibua, kila siku, kila jaribio. Mmoja tu aliniharibia vizazi viwili vya jozi tatu. Nilimuuza kwa mtu wa Boma Ng'ombe aliyekuwa na jike mjane, na wote tumefurahi.

Alikuwa na uhai akafa? Hapo shaka iende kwenye zamu. Tulia uangalie saa nne asubuhi. Kawaida dume anafika, anasimama pembeni, jike ananyanyuka, dume anaingia, mayai yanakaa wazi kwa muda mfupi sana. Katika banda langu watoto walikuwa wanafungua mlango kuweka chakula saa hiyohiyo, jike anatimka, dume anaogopa kuingia, na asubuhi ya Julai huku chini ya Kilimanjaro, mawingu yakiwa yamefunika mpaka saa tano, mayai yanapoa. Nikahamisha chakula kwenda saa moja asubuhi. Sikufanya kingine chochote.

Kama zamu iko sawa na viini vinakufa kizazi baada ya kizazi, na hasa ukiona kiungo cha bawa au mguu kimevimba, kinyesi cha kijani na ndege anakonda, hapo acha ndoo. Salmonela huua viini ndani ya yai na ndege mkubwa anaweza kuibeba akiwa anaonekana mzima. Mwite daktari wa mifugo apime. Usinunue antibiotiki kwa kukisia, na nawa mikono, maana bakteria hao ni wa kwako pia.

Ganda laini, au yai limebonyea

Madini. Saga maganda ya mayai ya kuku yaliyokaushwa kwenye jiko, changanya na mchanga mkavu wa changarawe ndogo na chumvi kidogo, weka kwenye kopo lao. Na waone jua. Basi.

Wameacha makinda wakiwa wadogo wakaenda kutaga kwingine

Si ukatili. Njiwa waliokula vizuri hutaga tena makinda wakiwa na wiki mbili au tatu tu. Kama kuna kiota kimoja, jike anataka kutagia palepale walipolala makinda, kunakuwa na vurugu, mayai yanachafuka au kinda anasukumwa nje. Weka bakuli la pili kwenye kona nyingine ya chumba hichohicho. Jike atahamia huko, dume atabaki akilisha wale wakubwa na kupokea zamu yake ya mchana kwa mayai mapya. Utamwona saa kumi na moja jioni anatoka kwenye mayai, makinda wawili wanamkimbilia wakipiga kelele na mabawa, naye anageuka kana kwamba anatafuta mlango.

Mwageni vijiti karibu na banda pia. Kazi ya kuleta ni ya dume, kimoja kimoja, na ya kupanga ni ya jike. Wangu wanapenda vikonyo vikavu vya mgrevilea. Kiota kisicho na vijiti, gazeti tupu, kinatelezesha miguu ya makinda mpaka inapanuka kama ya chura, na mguu ukishakwenda hivyo ni vigumu kuurudisha.

Makinda wanakufa siku ya tatu, ya nne, ya tano

Siku za kwanza kinda hali punje. Analishwa maziwa ya gole, ule mfuko wa shingoni ambamo ndege huweka chakula: vipande laini vyeupe kama mtindi uliokatika, vinavyotoka kwenye ngozi ya ndani ya gole la baba na la mama. Yana protini na mafuta kwa wingi. Homoni inayoyaleta, prolaktini, ni ileile inayohusika na maziwa ya wanawake, na ilitambuliwa miaka ya 1930 na Oscar Riddle na wenzake huko Marekani kupitia magole ya njiwa. Kati ya ndege, maziwa ya aina hii yanajulikana kwa jamii ya njiwa, kwa flamingo, wakiwemo wale wanaozaliana Ziwa Natron, na kwa dume wa pengwini mkubwa wa Antaktika.

Gole linaanza kujiandaa wakati wa kulalia, na maziwa yanakuwa tayari karibu na siku ya kuangua. Ndiyo maana ukihamisha mayai kwa walezi waliopishana siku tano, kinda anatoka na kukuta wazazi wakavu. Kama umehamisha, sababu yako umeipata.

Kama hukuhamisha, uliza tena nani yuko na nani. Mzazi mmoja amepotea? Mwewe huchukua wakati wa mchana, hivyo zamu ya mchana dume akiwa ndani ni jike aliye hatarini nje, na kinyume chake. Aliyebaki akiwa peke yake anaweza kulea kinda mmoja, wawili ni bahati. Mhamishie mmoja kwa jozi yenye kinda mmoja wa ukubwa uleule. Njiwa hawajui kuhesabu, na katika siku za mwanzo hawabagui.

Wazazi wote wapo lakini mmoja wa makinda ni mkubwa mara mbili ya mwenzake? Wameanguliwa kwa kupishana na mkubwa anawahi mdomo. Badilishana na kiota kingine ili wakubwa wawe pamoja na wadogo pamoja. Kuanzia siku ya nne au ya tano maziwa huanza kuchanganyika na nafaka, kwa hiyo hakikisha wazazi wanapata mtama na ulezi. Punje nzima ya hindi la Kibosho haipiti kwenye koo la kinda wa siku sita.

Fungua na mdomo. Ukiona utando wa njano kama jibini kooni, huo ni ugonjwa wa vijidudu vya trikomona, na makinda wameupata kwenye hayohayo maziwa. Wazazi wanaweza wasionyeshe dalili yoyote. Tiba ni ya wazazi wote wawili kwa pamoja, kwa kipimo cha daktari, na vyombo vya maji visafishwe kila siku.

Mgeni anarudi alikotoka

Umenunua jike Himo, umemfungia siku nne, umemfungulia, ameondoka. Una maana gani kwake? Chumba chake na mume wake viko Himo. Wafugaji wa njiwa wa mashindano wa Ubelgiji wanatumia jambo hilihili makusudi: dume hutenganishwa na jike wake, anaonyeshwa kidogo tu kabla ya safari, na anarudi nyumbani kama amechelewa harusi. Mgeni asitoke mpaka awe ameolewa kwako na amelea kizazi kimoja. Makinda wakiwa na siku kumi mfungulie jioni, kabla ya kula, dume akiwa ndani na watoto. Katika wote niliowafungulia hivyo, mmoja tu ndiye hakurudi, na nadhani huyo alikutana na mwewe.

Mwenzi mmoja amekufa

Kaa kidogo usilete mwingine siku ileile. Kipara alipokufa mwezi wa kwanza mwaka huu, Nyeupe aliendelea na zamu yake ya usiku juu ya mayai mawili, lakini ilipofika saa nne asubuhi alikuwa anasimama, anatazama mlango, anakaa tena. Siku ya tatu mchana alitoka kula na hakurudi juu yake. Nikayatoa mayai, nikavunja kiota, nikaosha bakuli na kumhamishia chumba cha upande wa pili, ambako hakuwahi kulala.

Wiki mbili zinatosha kwa wengi. Dume hupona haraka. Baada ya siku chache utamkuta anamzungukia mke wa mtu, na hapo mpe wake upesi kabla hajaanza kuharibu ndoa za wengine. Nyeupe hakuwa na haraka. Nimemwekea dume mweusi kutoka Rau upande wa pili wa wavu tangu Jumatatu. Jana jioni, saa kumi na moja kasoro, mweusi alikuwa kwenye kona analia ile sauti ya chini, naye Nyeupe alishuka kwenye kijiti, akatembea mpaka katikati ya chumba, akasimama hapo.